TAHADHARI: Tapeli wa "seli za kapsuli" za kisukari. Sauti mnayoisikia ikimsifu ni yangu, msiiamini

Jamani, naandika nikitetemeka kwa hasira na aibu. Habari ya mwanangu na kisukari chake cha aina ya 1 mnaijua, na ile wiki ya chumba cha mahututi mlikesha nami kwa maombi, sirudii. Ambalo sikuwaambia ni hili: chanzo ni mimi. Nilimpeleka mwenyewe kwa yule mtu anayejiita daktari wa seli.

Siku ile aliingia na koti jeupe na kisanduku cha baridi kinachofuka moshi. Akavaa glovu taratibu, akatoa kichupa kwa vidole viwili, akakiinua dirishani. Ndani mna vitone vidogo vyeupe, laini kama mayai ya samaki, vinapanda na kushuka. Akaniambia, "Mama, kila kitone hapa kina seli hai zinazotengeneza insulini. Zimevikwa gamba la mwani, kinga ya mwili haizioni." Kisha akampa mwanangu akishike. Mtoto akakishika kwa mikono miwili kama anashika kifaranga, akaniangalia: "Mama, kwa hiyo sindano basi?"

Hapo nilikwisha. Nililipa akiba yangu yote palepale, taslimu, bila risiti. Hata jina lake kamili sikuuliza. Akamchoma chini ya kitovu kwa sindano nene, akabandika plasta, akampa pole na peremende isiyo na sukari.

Kabla hamjanihukumu, jueni kwamba sikwenda kichwa kichwa. Nilisoma wiki nzima, na kila alichosema nilikikuta. Ni kweli kwamba mwaka 1980 watafiti Lim na Sun walifunga vijisiwa vya kongosho, yaani vifungu vya seli zinazotengeneza insulini, ndani ya kapsuli za alginati, kitu kinachotolewa kwenye mwani, wakavipandikiza kwa panya wenye kisukari na sukari ikashuka. Ni kweli kwamba vitundu vya gamba hilo hupitisha sukari, oksijeni na insulini lakini huzuia chembe za kinga zisiingie kuua seli. Alinichorea yote hayo kwenye karatasi, vizuri kuliko nilivyowahi kuelezwa na yeyote. Na ukiwa umeamka saa nane usiku kwa miaka 4 kumtoboa mtoto kidole, moyo hauhitaji kusukumwa sana.

Akaniamuru nipunguze insulini nusu, siku ya tano niache kabisa. "Ukiendelea kumchoma, seli mpya zitalala." Wanga akapiga marufuku. Siku nne za mwanzo mashine ya kupima sukari ilisoma vizuri ajabu! Nililia kwa furaha, nikamrekodia sauti ya kumshukuru, ndefu, nikamtaja Mungu ndani yake.

Siku ya saba mtoto alianza kutapika. Akawa anavuta pumzi ndefu nzito kama aliyekimbia, na kinywa kinanuka kama tunda lililooza. Nilimpigia yule mtu mara tatu. Ya kwanza alisema ni seli zinashika mizizi, nimpe maji. Mara mbili zilizofuata hakupokea. Hospitali wakakuta ketoni, tindikali zinazozalishwa mwili ukikosa insulini, zimejaa kwenye damu, wakaanza dripu na insulini. Daktari akanieleza kwamba siku zile nzuri zililetwa na ile nusu ya insulini niliyokuwa bado nachoma, pamoja na njaa ya mtoto. Wakapima C-peptaidi, inayotoka pale mwili unapotengeneza insulini yake wenyewe. Haikuonekana kabisa. Mwanangu hakuwekewa seli yoyote inayofanya kazi. Na vile vitone? Uji wa alginati ukidondoshwa kwenye maji yenye chumvi ya kalsiamu huganda kuwa vitone papo hapo. Yeyote anaweza kutengeneza mezani kwake.

Sasa ndiyo najua ningepaswa kuuliza wapi hii tiba imeidhinishwa. Mwezi Juni 2023 Marekani iliidhinisha Lantidra, lakini hizo ni seli za wafadhili waliofariki, hazina kapsuli, huingizwa kwenye mshipa wa ini, ni kwa watu wazima, na mgonjwa humeza dawa za kushusha kinga. Seli za kufungwa ndani ya kapsuli au kifaa ndizo zinazosumbua: mwili hujenga kovu kuzunguka kifaa, seli zikakosa oksijeni zikafa. Kampuni ya Vertex ilikuwa ikijaribu kifaa chake, VX-264, na Machi 2025 ikatangaza haiendelei nacho kwa kuwa C-peptaidi ya wagonjwa haikupanda vya kutosha. Kampuni kubwa namna hiyo imesimama, halafu yeye anazo kwenye kisanduku!

Dalili zilikuwepo. Alikataa nisipige picha. Hakupima damu ya mtoto hata tone, kabla wala baada. Alisema nisimwambie daktari wetu "maana wana wivu". Na alidai hela, wakati kwa kawaida anayeingia kwenye jaribio la kweli hauziwi tiba, tena husainishwa fomu na kuelezwa hatari. Nyingine zinanitoka kichwani, nikimkumbuka tu damu inachemka. Huyu mtu afungwe. Asitozwe faini akarudi kesho na koti lilelile, afungwe! Alimwangalia mtoto machoni akampa kichupa cha uongo akishike.

Nimekwenda polisi, nimetoa maelezo, namba zake na meseji zote ninazo. Mliopigwa naye njooni inboksi tufungue kesi pamoja, najua mpo na mnaona aibu kama mimi.

Ile sauti yangu bado anaisambaza kwa wazazi. Jana nimetumiwa na dada mmoja anayejiandaa kumpeleka binti yake Jumamosi. Mwanamke anayelia na kusema "seli zimefanya kazi, Mungu ambariki daktari" ni mimi, siku ya nne. Mtumieni ujumbe huu kila mliyemsikia akiicheza.