Kliniki ya uzazi wa mpango hapa Busia, upande wa Uganda: sukari kwanza, sindano baadaye

Wamama wa Busia na nyinyi wa Malaba na Tororo mnaoniuliza kila mara siku hizi nahudumiwa wapi, naandika yote hapa mara moja. Ni kliniki ndogo, iko ghorofani juu ya duka la dawa karibu na stendi ya teksi, ngazi zake ni nyembamba kwa hivo mwenye mimba kubwa apande polepole.

Nawapa nyota nne, na sababu kubwa ni moja: hawakupi dawa ya kupanga uzazi kabla hawajakuuliza habari ya sukari. Pahali nilikokuwa naenda zamani, sipataji, ilikuwa unaingia, kadi inaandikwa, unadungwa, toka, mwingine aingie. Hakuna siku mtu aliniuliza kama nishawahi kupata kisukari cha mimba, na nilikipata kwa mtoto wangu wa pili, kimeandikwa kwa kadi ileile waliyokuwa wanaishika, na mama yangu anameza metformin, dawa ya kisukari, kila siku. Hilo liliniudhi na bado linaniudhi, manake mwanamke aliyepata sukari ya mimba anafaa kupimwa tena wiki sita mpaka kumi na mbili baada ya kujifungua, na baada ya hapo asikae zaidi ya miaka mitatu bila kupima, sa nani atamwambia kama si hao wanaomuona kila miezi mitatu?

Hapa sista anaanza na maswali. Uzito, presha, unanyonyesha, unavuta sigara, kwenu nani ana sukari. Alafu kidole. Anakudunga pembeni mwa kidole si katikati, tone la kwanza anapangusa na pamba, anafinya la pili, anagusisha kile kikaratasi cha mashine. Yangu ikasoma 8.7 (kwa kipimo cha mmol/L), nikashtuka, akaniambia tulia dada, wewe umekunywa chai ya sukari na mandazi saa hii, rudi kesho asubuhi hujala kitu. Kesho yake ikasoma 6.4. Akanieleza bila haraka, ukiwa hujala chini ya 6.1 ni sawa, ikifika 7.0 na ikipimwa tena iwe vilevile basi hicho ni kisukari, wewe uko katikati, huu ndo wakati wa kuchunga.

Kilichonifurahisha zaidi ni kile kiduara cha WHO, Shirika la Afya Duniani, alichotoa kwa droo. Ni karatasi ngumu mbili, moja inazunguka juu ya nyingine, unazungusha mpaka ufike kwa ugonjwa wako alafu unasoma namba ya kila njia. 1 tumia tu, 2 kwa kawaida unaweza, 3 si vizuri labda kama hakuna nyingine inayokufaa, 4 usiguse. Akanipa nizungushe mwenyewe. Kwa mtu aliyepata sukari ya mimba ikaisha, njia zote ni 1, hata sindano! Kwa hivo yale maneno ya sokoni eti sindano inaleta kisukari kwa kila mtu, hapana. Alivyonieleza ni kwamba homoni hizi, estrojeni na projestini, zinaweza kufanya mwili usiisikie insulini, ile inayoshusha sukari, vizuri kama mwanzo, kwa hivo kongosho inabidi itoe nyingi zaidi. Kwa mwanamke asiye na shida kongosho inaweza na sukari haisogei sana. Tena dozi za leo ni ndogo, kidonge cha kwanza kabisa kule Marekani mwaka 1960 kilikuwa na mikrogramu 150 za estrojeni, Microgynon ya leo ina 30.

Lakini hakunificha kwamba sindano inawaongezea wengine kilo, na kilo ndo zinavuta sukari juu, na ukishadungwa ile dawa haitoki mwilini mpaka iishe yenyewe. Kijiti cha mkononi kikikusumbua kinatolewa siku yoyote. Koili ya kopa, ile inayowekwa ndani ya kizazi, haina homoni hata chembe na inakaa miaka kumi. Nikachagua koili. Hedhi imekuwa nzito kuliko zamani na tumbo linauma siku ya kwanza, hilo alinionya mapema.

Baadaye nikampeleka wifi yangu, yeye yuko kwa insulini miaka mingi na macho yameanza kuathirika. Kwake kiduara kilisema mambo mengine kabisa: sindano 3, vidonge vyenye homoni mbili 3 au 4 kulingana na alivyoharibika, kijiti 2, koili ya kopa 1. Alikuwa anataka kuacha kila kitu akae tu hivohivo. Sista akamshika mkono akamwambia mama, mimba ikiingia sukari ikiwa juu, zile wiki za kwanza ndo moyo na uti wa mgongo wa mtoto vinatengenezwa, usikae bila kinga hata wiki moja, panga kwanza sukari ishuke ndo uzae. Wifi alilia pale. Akatoka na kijiti.

Nyota moja nimepunguza kwa sababu hizi. Sista ni mmoja tu, siku ya soko utangoja mpaka uchoke. Chumba kimegawanywa kwa pazia, nilisikia mambo yote ya dada aliyekuwa upande wa pili na naye bila shaka alisikia yangu, hiyo si sawa kabisa kwa huduma kama hii, wajenge hata ukuta wa mbao. Alafu kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu hawana, wanakutuma maabara ya nje, na kuna siku vikaratasi vya mashine vilikuwa vimeisha.

Wanaotaka ile sindano ndogo ya kujidunga mwenyewe, Sayana Press, wanafundisha pia. Nendeni asubuhi kabla ya saa tatu, msile kitu, na mbebe kadi zenu za kliniki ya wajawazito hata kama ni za zamani, anazisoma zote.