Kukamilisha shahada ya uuguzi Uingereza ukiwa na diploma ya nyumbani: uzoefu wangu

Nimemaliza kozi, matokeo ninayo, na sasa naweza kusema kwa utulivu. Naandika kwa ajili ya muuguzi mwenye diploma ya Kenya, Tanzania au Uganda ambaye tayari yuko Uingereza, ana namba yake ya NMC (baraza linalosajili wauguzi na wakunga), na kila akifungua tangazo la kazi ya bendi ya 6, yaani ngazi ya mshahara iliyo juu ya ile ya kuanzia, anakutana na neno shahada. Kozi niliyosoma ni ule mwaka wa mwisho wa shahada ya uuguzi unaofundishwa kwa mtandao, nusu muda, kwa ajili ya wauguzi waliohitimu nje. Chuo sikitaji, maana nina malalamiko nitakayoyasema wazi. Kwa jumla naipa kozi nyota nne kati ya tano.

Niondoe wasiwasi mmoja kwanza. Shahada si sharti la kusajiliwa. Mimi nilifaulu CBT, mtihani wa kompyuta, nikafaulu OSCE, mtihani wa vitendo, nikaingia wodini na diploma yangu ya KRCHN, ile ya muuguzi wa afya ya jamii aliyesajiliwa Kenya. Lakini England ilishafanya uuguzi kuwa wa shahada kwa kila mwanafunzi anayeanza tangu mwaka 2013, kwa hiyo unamwelekeza kijana aliyetoka chuoni juzi, unamwonyesha namna ya kuzungumza na familia ya mgonjwa anayekata roho, na kwenye makaratasi yeye yuko juu yako. Halafu sisi wa KRCHN tuna uchungu wetu mwingine. Tulisoma ukunga, afya ya jamii, afya ya akili na wodi za watu wazima, yote kwa pamoja. Ukifika huku unasajiliwa kuwa muuguzi wa watu wazima, basi. Akina mama wote uliowazalisha hawaonekani popote. Kozi hii haikurudishii hilo, na anayekuambia itakurudishia anakudanganya. Inachofanya ni kukufungulia mlango wa mbele: kozi ya kuandika dawa, yaani V300, ambayo husomwa kiwango cha 6 (mwaka wa mwisho wa shahada) au 7 (uzamili), na baadaye shahada ya uzamili kwa anayetaka kuwa muuguzi wa ngazi ya juu.

Sasa hesabu. Shahada ya England ina krediti 360. Diploma ikikubaliwa yote huhesabiwa 240, zinabaki 120. Krediti moja hukadiriwa kuwa saa 10 za kusoma, kwa hiyo una saa 1,200 mbele yako, na zamu za saa 12 na nusu hazikusubiri. Chuo cha kwanza nilichoomba kilitaka kunihesabia 120 tu, maana yake nirudie mwaka mzima wa pili na kuulipia. Niliwauliza kama wameangalia saa zangu za mazoezi ya wodini, sikujibiwa. Chuo cha pili kiliniomba muhtasari wa kila somo pamoja na transkripti, yaani orodha rasmi ya masomo na alama, wakausoma, wakanipa 240 bila mabishano. Kwa hiyo ukiambiwa diploma yako haitoshi, usikate tamaa kwa neno la ofisi moja. Kila chuo huamua chenyewe.

Kwenye ada ndipo wengi huumia. Ukiwa na viza ya kazi unaruhusiwa kusoma mradi kazi uliyoletewa isiathirike, lakini kuruhusiwa kusoma si sawa na kutozwa ada ya mwenyeji. Kwa kawaida England inakuhesabu mwenyeji ukiwa na ukaazi wa kudumu siku kozi inapoanza, na uwe umeishi nchini miaka 3 kabla yake. Bila hivyo unaweza kutozwa ada ya mgeni, wakati unalipa kodi ileile anayolipa muuguzi mwenzako anayehudumia kitanda cha pili, na mkopo wa serikali wa wanafunzi haukuhusu. Hili linaniudhi hadi leo. Njia iliyonisaidia ni kutafuta chuo chenye ada moja kwa wote wanaosoma kwa mtandao. Vipo, ila lazima uulize kwa maandishi na ujibiwe kwa maandishi. Baadaye nikamwendea mwalimu wa mafunzo wa hospitali. Mwaka 2019 serikali ilitangaza fungu la mafunzo la pauni 1,000 kwa kila muuguzi wa NHS (huduma ya afya ya umma) nchini England, kwa muda wa miaka 3. Wenyeji walikuwa wakilitumia, sisi wa kutoka nje hatukuwa hata tumelisikia. Halikulipa kozi nzima, lakini liliipunguza vizuri. Ulizia kwenu kuna nini sasa, na uulize kabla bajeti ya mwaka haijagawanywa.

Kuhusu masomo yenyewe, ujue unakwenda kusoma nini. Hutafundishwa kutoboa mshipa wala kuweka mpira wa mkojo. Unafundishwa kusoma utafiti na kuupinga. Unachukua swali la wodini, unalipanga kwa PICO (mgonjwa, tiba, ulinganisho, matokeo), unatafuta makala kwenye hazina za mtandaoni za CINAHL na PubMed, unazichambua kwa maswali ya CASP, orodha ya kupima ubora wa utafiti, kisha unaandika unachoamini na sababu ya kukiamini. Kwa sisi tuliolelewa na mwalimu anayesimama mbele na wewe unanakili, hapa ndipo pagumu kuliko pote. Kiingereza hakikunisumbua, nilikuwa nimeshafaulu mtihani wake. Kilichonitoa jasho ni kuambiwa niseme mwandishi fulani, profesa mzima, amekosea wapi. Mhadhiri wangu wa kwanza alikuwa akiandika pembeni mwa kila aya: "Wewe unasemaje?" Kila aya, bila kuchoka. Mwishoni nikawa najiuliza mwenyewe kabla hajaniuliza, na hiyo peke yake naihesabu nusu ya thamani ya ada.

Mapitio yangu ya mwisho ya tafiti zilizochapishwa niliyafanya kuhusu vidonda vya kulalia kwa wagonjwa wenye ngozi nyeusi. Hatua ya kwanza ya kidonda hicho, kama inavyofundishwa, ni ngozi ambayo haijachanika lakini ina wekundu, na ukiubonyeza kwa kidole haugeuki mweupe. Sasa mwangalie babu mwenye ngozi kama yangu, aliyelala siku nzima baada ya kuvunjika nyonga. Wekundu utauona wapi? Unaweza kubonyeza kisigino asubuhi hadi jioni usione kitu, ukaandika ngozi ni salama, na keshokutwa ukakuta lengelenge au shimo. Maelezo rasmi ya hatua hiyo yenyewe yanakiri kwamba kwenye ngozi nyeusi kubadilika huko huenda kusionekane, ila sentensi hiyo wengi huiruka. Na tafiti zinaonyesha kwamba wagonjwa wenye ngozi nyeusi mara nyingi hugunduliwa kidonda kikiwa kimeshafika mbali.

Nilisoma makala hizo usiku, asubuhi nikaenda nazo wodini. Tangu hapo sitegemei macho peke yake. Naweka mgongo wa mkono kwenye kisigino kimoja, nahamia cha pili, nalinganisha joto. Nagusa kama sehemu imekuwa ngumu au imelegea kuliko ngozi ya pembeni. Naangalia kama rangi imekolea kuwa ya zambarau au nyeusi zaidi. Na namuuliza mgonjwa kama panauma, kwa sababu maumivu huweza kutangulia. Kuna bibi mmoja aliyepokewa kutoka zamu ya usiku akiwa ameandikwa ngozi haina tatizo. Chini ya mgongo palikuwa na joto kuliko pembeni, na pamekuwa pagumu mkononi. Tulimgeuza, tukambadilishia godoro, tukaandika, tukafuatilia, na hapakufunguka. Wasaidizi wa wodi wawili Waingereza waliniomba niwaonyeshe namna ya kushika. Ndipo nilipoona kwamba kusoma kwangu hakukuwa kwa ajili ya cheti tu.

Kazi hizo za kuandika zilinifaa hata kwenye uhakiki wa NMC, ule wa kila miaka 3 wa kubaki kwenye usajili. Wanataka saa 35 za kujiendeleza, 20 kati yake ziwe za kushirikiana na wengine, na maandishi matano ya kutafakari kazi yako. Mwaka huo sikuhangaika kutafuta vyeti vya semina, maana nilichokuwa nikikisoma kila wiki kilitosha na kikabaki.

Nyota ya tano nimeiondoa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni moduli ya krediti 20, saa 200 hizo, ya kutufundisha jinsi huduma za afya za Uingereza zinavyoendeshwa, wakati kila mmoja wetu alikuwa ameajiriwa ndani yake. Tulilalamika darasa zima, tukaambiwa ndivyo kozi ilivyosajiliwa. Saa hizo zingeweza kwenda kwenye takwimu, tulikokuwa na njaa kwelikweli. Ya pili ni kwamba vipindi vya moja kwa moja mtandaoni viliwekwa mchana siku za kazi, kana kwamba kila muuguzi hufanya kazi ofisini. Rekodi zilikuwepo, lakini rekodi huiulizi swali.

Maktaba yao, kwa upande mwingine, ilikuwa na watu wa dhahabu. Unaweka miadi, anakaa nawe kwenye skrini, anakufundisha kutafuta makala na kupanga marejeleo kwa mtindo wa Harvard hadi uelewe, na hakuharakishi. Wengi wa darasa langu hawakuwahi kuwatumia kwa sababu ya kuona haya. Dada zangu, kaka zangu, huduma hiyo iko ndani ya ada uliyolipa, itumie tangu wiki ya kwanza.

Kuhusu zamu, ongea na meneja wa wodi kabla ya kujisajili, si baada. Mimi niliomba siku moja maalumu kwa wiki isiyo na zamu, nikapewa, kwa sababu niliomba ratiba ikiwa haijapangwa. Na zamu za ziada za "benki", yaani za orodha ya wauguzi wa akiba wa hospitali, zipunguze wakati wa mapitio ya mwisho, hata kama nyumbani wanasubiri pesa. Waeleze mapema, watakuelewa.

Kabla ya kulipa chochote, pata majibu ya mambo haya kwa barua pepe: krediti ngapi za diploma yako zimekubaliwa, ada yako ni ya mwenyeji au ya mgeni na itabadilika katikati ya kozi au la, moduli ni zipi kwa majina, na vipindi viko saa ngapi. Vyuo vingi hupokea wanafunzi Septemba, vingine na Januari au Februari. Transkripti kutoka nyumbani ndiyo huchelewesha kuliko kitu kingine chochote, na mara nyingi inahitaji mtu wa kuifuatilia dirishani kwa miguu yake. Kama unalenga Septemba, mtume ndugu yako sasa hivi, akiwa na barua yako ya idhini na nakala ya kitambulisho.