Programu ya kufunga mafaili kwa Kanuni ya 30: yafaa darasani, si kwa siri

Programu hii, inayouzwa kwenye flashi katika duka moja la kompyuta Mwanjelwa, Mbeya, hufunga mafaili yasisomeke bila neno la siri, kwa Kanuni ya 30 ya mwanasayansi Stephen Wolfram. Neno la siri hujaza pete ya seli, yaani visanduku vilivyopangwa kwa duara, kila kimoja kikiwa na 0 au 1. Kila hatua, seli au jirani wake wa kulia ikiwa 1, andika 1, la sivyo 0. Jibu hilo likitofautiana na jirani wa kushoto, seli mpya ni 1. Biti (0 na 1) ambazo seli moja hutoa hatua kwa hatua ndizo mkondo wa ufunguo; huchanganywa na biti za faili: zikifanana 0, zikitofautiana 1.

Ina kasi, na pembetatu zinazojitokeza seli zikichorwa kwenye skrini zinamfundisha mwanafunzi vizuri mno. Usalama ndio umepwaya. Mwaka 1991 watafiti wa usimbaji Meier na Staffelbach walionyesha kwamba anayejua kipande cha maandishi asilia, kabla hayajafungwa, anaweza kuupata ufunguo wenye mamia ya biti kwa kompyuta ya kawaida. Kibaya zaidi, neno la siri lilelile hutoa mkondo uleule: changanya mafaili mawili yaliyofungwa nalo, mkondo unajifuta, unabaki mchanganyiko wa mafaili asilia tu. Pete ikiwa sifuri tupu, hubaki sifuri daima, na faili halifungwi.

Kwa hiyo mafaili ya siri, kama vitabu vya VICOBA (vikundi vya akiba na mikopo), yafungwe kwa AES, njia sanifu ya kufunga mafaili.