Bakora ya alumini na soksi ya goti: kipi kinunuliwe Tanga?

Kwenye maduka ya dawa na vifaa tiba ya Ngamiani, mwenye magoti yaliyosagika huonyeshwa kwanza soksi ya goti. Inatia joto na kumpa mtu imani, basi. Ikibana mno mguu huvimba chini yake. Ikilegea huporomoka kabla hujafika sokoni. Pima mzunguko wa goti kwa utepe wa fundi cherehani, usikisie. Na kwa jasho hili la pwani, ifuliwe kila siku. Alama 2 kati ya 5.

Bakora ya alumini yenye matundu ya kurekebisha urefu tunaipa 4. Simama wima umevaa viatu, mikono ikining'inia: mpini ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ishike upande wa goti zima, itangulie pamoja na mguu mbovu. Wengi huishika upande wa maumivu, kisha wanasema haisaidii! Kagua pia mpira wa ncha. Ukilika ukawa laini kama sahani, huteleza kwenye sakafu yenye maji. Duka lisilouza mpira wa akiba ndilo lililoipunguzia bakora alama ya tano.

Gharama kubwa kuliko za vifaa hivi ziko hospitalini. Diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, ikimezwa kila siku yaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo, navyo vinataka matibabu yake. Goti bandia hudai kifaa chenyewe, chumba cha upasuaji, kitanda, kisha wiki kadhaa za fiziotherapia, yaani mazoezi ya tiba ya viungo.