Leza ya mishipa midogo ya miguuni: kabla hujalipa, uliza ngozi inapozwa na nini

Nimechoka kutumiwa picha za mapaja yenye madoa. Mtu kaenda kutolewa vile vimishipa vyekundu na vya bluu, karudi mishipa iko palepale halafu juu yake kuna mstari wa vidoa vya kahawia, kila kimoja saizi ya ncha ya mashine, na waliomchoma wanamwambia apake losheni avumilie. Wengi walionitumia ni wenye ngozi nyeusi au maji ya kunde, na nikiwauliza mashine ilikuwa inapozaje ngozi hakuna anayejua, manake hakuna aliyemwambia kwamba hilo ni swali la kuuliza.

Bei, maumivu na idadi ya awamu siziongelei hapa, hayo kila kliniki itakueleza yenyewe. Mimi naongelea ubaridi.

Mwanga wa leza unanyonywa na damu, unageuka joto, ukuta wa mshipa unaungua unajifunga, kisha mwili unausafisha taratibu kwa wiki na miezi. Tatizo ni kwamba kabla mwanga haujaufikia mshipa lazima upite kwenye ngozi, na ngozi yetu ina melanini, ile rangi yake ya asili, ambayo nayo inaudaka ule mwanga na kupata moto. Miguuni ndo pagumu zaidi kuliko usoni, mishipa iko chini kidogo, kuta zake nene, presha ya damu ni kubwa sababu tunasimama siku nzima, kwahiyo nguvu inayohitajika inakuwa kubwa. Nguvu kubwa bila kupoza ngozi kabla, wakati na baada ya kila pigo, hapo ndo madoa yanapotoka, na malengelenge, na kwa wengine kovu kabisa au sehemu inabaki nyeupe.

Kati ya mashine za kazi hii, namba moja kwangu ni Cutera excel V, na sifichi kwamba naipenda. Ina miale miwili, wa nanomita 532 na wa 1064 (nanomita ndo kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), kwa miguu na kwa ngozi nyeusi unataka huo wa 1064 kwasababu melanini inaunyonya kidogo na unazama ndani. Ila kilichonifanya niiweke juu ni kile kioo cha yakuti kwenye kishikio chake, kinagusa ngozi kikiwa baridi muda wote, mwanga unapita humohumo kwenye kioo, yani hakuna sekunde ngozi iko peke yake na moto. Daktari anakibonyeza kidogo tu, akikandamiza sana damu inatoka kwenye mshipa halafu leza inakosa cha kupiga. Mwangalie mikono.

Namba mbili Candela GentleMax Pro, nayo ina 1064. Yenyewe inapuliza kimiminika baridi sana sehemu ndogo sana ya sekunde kabla ya pigo. Mashine nzuri, madaktari wengi wanaiheshimu, lakini kupuliza kupita kiasi nako kunaweza kuacha alama kwenye ngozi nyeusi, na kishikio kikishikwa upande pua ya kupulizia haielekei pale mwanga unapotua. Ndo maana iko ya pili.

Namba tatu ni leza za 532 au za 595, mfano wa hizo za 595 ni Vbeam. Kama wewe ni mweupe wa kweli na vimishipa ni vyekundu vyembamba, sawa. Kama ni mweusi usikubali kwenye miguu, hata wakupe ofa.

Ya mwisho ni IPL, ambayo wala si leza, ni mwanga wa rangi nyingi uliochujwa, na wauzaji wanaiita leza mchana kweupe. Vifaa vya kujipiga nyumbani na krimu za vitamini K sina cha kusema, okoa hela yako.

Sindano nimeiacha nje ya orodha sababu si leza, ila daktari mkweli ataitaja kabla hujauliza. Kwa miguu, dawa ya kufunga mshipa kama polidokanoli ikidungwa ndani ya mshipa ndo njia inayoanza kwa watu wengi, hasa mishipa ya kuanzia milimita moja kwenda juu. Leza inapata nafasi yake kwa vile vyembamba sana ambavyo sindano haiingii, au kama una mzio wa dawa. Na kama mguu unauma, unavimba, au vimishipa vimejaa kuzunguka kifundo, upimwe kwanza kwa altrasaundi, manake kama mshipa mkubwa wa ndani unarudisha damu chini utachomwa vya juu na vingine vitatokea. Mjamzito asubiri, vingi vinafifia vyenyewe miezi baada ya kujifungua.

Sasa wauzaji. Kuna wanaokuambia "tuna Nd:YAG 1064", yani aina ya leza inayotoa ule mwale wa 1064, na ni kweli, ila ni ile ya kufutia tatuu, inayopiga kwa nanosekunde, yani sehemu za bilioni za sekunde. Mshipa unahitaji pigo refu, la milisekunde, yani sehemu za elfu za sekunde, ile ya tatuu haifanyi hii kazi hata namba kwenye tangazo ikiwa ileile. Uliza urefu wa pigo, aliyesomea atakujibu papo hapo. Wengine wanakuuzia pakeji ya awamu zote kabla hawajaona mguu wako, halafu anayekupiga si daktari, anarudia sehemu ileile mara nyingi mfululizo bila kuacha ngozi ipoe, na joto linajikusanya. Linaniuma sana hili sababu mtu kajinyima mwaka mzima kupata ile hela.

Omba wapige sehemu ndogo ya majaribio kwanza, sehemu isiyoonekana, kisha subiri wiki kadhaa, rangi ya ngozi inachelewa kubadilika na kesho yake utadhani uko salama. Kama una rangi ya jua mpya miguuni ahirisha mpaka iishe. Na kliniki ikikataa majaribio, au ikisema ofa inaisha leo, usiache hata hela ya kushikia nafasi.