Kipindi cha siasa cha kupiga simu redioni: kinatuliza?

Mambo ya nchi yakichafuka, taarifa ya habari itakueleza yaliyotokea. Kipindi cha mjadala ambamo wasikilizaji hupiga simu kinafanya jambo jingine: kinakuonyesha kwamba hofu yako ina wenzake. Mtu usiyemjua anaanza kwa sauti ya kutetemeka, anaachwa amalize, na mwishoni unamsikia akishusha pumzi. Ndiyo maana tunakipima kipindi kwa jinsi kinavyowatendea wapigaji. Sikiliza watano. Kama mtangazaji amewakatiza watatu au kuwamalizia sentensi zao, hama stesheni. Wachambuzi wanne wakibishana kwa mpigo nao hawamtulizi mtu. Wawili wanatosha kabisa.

Kila siku utasikia: "Haloo, punguza redio yako!" Mtangazaji hamkaripii mtu hapo. Simu ikinasa sauti ya spika, sauti hiyo huzunguka na kutoa mlio unaotoboa masikio. Tena vituo vingi huchelewesha matangazo ya moja kwa moja kwa sekunde chache, mara nyingi kama 7, ili tusi likiponyoka mtayarishaji awahi kubonyeza kitufe cha kulifuta. Hapo mpigaji husikia maneno yake mwenyewe yakimrudia wakati bado anaongea, na hoja inamtoka kichwani. Kwenye intaneti kuchelewa ni kukubwa zaidi. Ukitaka kupiga, zima redio au nenda chumba kingine, sikilizia zamu yako kwenye simu, andika hoja kwa sentensi moja na uanze nayo. Orodha ndefu ya salamu ndiyo inayokula muda wa wengi.

Kwa kusikilizia, redio ndogo ya betri inaishinda simu: haikuletei ujumbe katikati ya mjadala, na umeme au mtandao ukikatika inaendelea. FM (MHz 87.5 hadi 108) ina sauti safi lakini huzuiwa na milima na majengo. Vuta antena yote. Urefu wa sentimita 75 hivi unafaa karibu na MHz 100. Kwenye AM (masafa ya kati) antena hiyo haisaidii, kwa sababu ndani mna kijiti cha feraiti kinachonasa mawimbi, kwa hiyo geuza redio yenyewe polepole mpaka sauti ijae. Usiku AM hufika mbali sana, ila stesheni nazo huanza kupandana. Mkwaruzo usioisha mara nyingi hutoka kwenye chaja au taa ya LED iliyo karibu. Chomoa moja moja umjue mkosaji.

Kasoro kubwa ni marudio. Tukio lile lile hujadiliwa asubuhi, mchana na jioni, na baada ya saa moja kwa kawaida hupati jipya ila moyo kwenda mbio. Rais wa Marekani Franklin Roosevelt alipozungumza redioni tarehe 12 Machi 1933, benki za nchi yake zikiwa zimefungwa, alieleza kwa lugha nyepesi jinsi benki inavyofanya kazi, na hakufikisha robo saa. Chagua kipindi kimoja chenye maelezo ya namna hiyo, kisikilize mpaka mwisho, kisha zima. Cha usiku wa manane tunakipa alama za chini: wapigaji wamechoka, hasira ziko juu, na saa ya kujizima ya redio hukukatia mjadala palepale unapochacha, ukabaki macho.