Nyumba ya tofali za kuchoma inayouzwa upande wa Bangwe, Kigoma: nimeikagua

Kama unatafuta nyumba ya familia huku mwisho wa reli na umeona ile ya tofali nyekundu, basi mimi nimeenda nikaizunguka yote na kwakweli ni nyumba nzuri, ila kuna ukuta mmoja lazima uujue kabla hujatoa hela.

Nje hawajapiga plasta, wameacha tofali zenyewe zionekane alafu wakajaza upya saruji kwenye viungo, na hapo nampongeza sana mwenye nyumba maana wengi wakikarabati wanaficha kila kitu kwa rangi unashindwa hata kuona ufa. Bati limebadilishwa lote. Vyumba vinne, kimoja masta, sebule kubwa, chini tailizi juu jipsamu, vyoo viko sawa.

Kilichonifurahisha zaidi ni jiko la nje. Ndani kuna makabati ya kisasa, sawa, lakini sisi tunaokaanga migebuka kwa mawese tunajua ule moshi na harufu vikishika kwenye pazia havitoki wiki nzima, sasa hapa wamejenga jiko dogo la kuezekwa nyuma ya nyumba, lina beseni la kuoshea samaki na maji yake yanaenda kwenye karo, hayamwagiki uwanjani. Aliyepanga vile anajua familia ya Kigoma inavyoishi.

Sasa ule ukuta. Chumba cha nyuma kabisa, upande wa mlimani, rangi imetuna kwa chini na ukiikwangua unatoka unga mweupe wa chumvi. Maji ya mvua yanashuka kutoka juu yanakaa kwenye msingi, tofali linayanyonya, na wao ndani wamepaka rangi ya mafuta ambayo inazuia unyevu usitoke. Kupaka tena hakusaidii kitu! Inatakiwa uchimbwe mfereji nyuma ya nyumba maji yapite pembeni, rangi ikwanguliwe, ukuta uachwe ukauke ndo plasta irudi.

Kuhusu ziwa msiogope. Tanganyika ilivyopanda miaka hii watu wa Kibirizi wameona maji yakiwaingilia, ila hii iko juu kwenye mteremko, na ile mita 60 kutoka ufukweni ambayo Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza kujenga ndani yake imeipita mbali. Ukikuta nyingine ya bei rahisi iko chini kabisa karibu na maji, pima kwanza hizo mita ndo uongee bei.

Hati ipo, ya miaka 33, muulize imebaki mingapi, alafu kafanye upekuzi ofisi ya ardhi mwenyewe, yaani uangalie kwenye kumbukumbu zao hati ni ya nani, usiridhike na fotokopi ya dalali. Na kama muuzaji ana mke au mume, ridhaa yake iwe kwa maandishi, nyumba ya familia haiuzwi na mtu mmoja kimyakimya, mnaweza kuja kusumbuana mahakamani bure.

Wanataka mil 95 na dalali anasema yanaongeleka. Mimi ningeanzia 80 nisivuke 87, kwa sababu ule mfereji na ukuta vitakula hela. Kama huna haraka subiri mvua za Novemba zishike, nenda siku ya pili yake, uguse ule ukuta kwa mkono.